Mwaka Restituta Aliposhika Chaki

Wivu wangu ulianza siku ya Jumatano, saa mbili na dakika arobaini na tano asubuhi, nikiwa darasa la sita. Saa naijua kwa sababu kipindi cha pili kilikuwa kikianza saa mbili na dakika arobaini, na Mwalimu Mtulia alikuwa mtu wa kuchelewa dakika tano, hazizidi wala hazipungui. Jioni ile niliandika sentensi moja kwenye daftari lililobaki la mwaka wa nyuma, ambalo ndilo lililokuja kuwa shajara yangu ya kwanza: "Leo amekuja msichana kutoka Rondo na mwalimu amempa chaki." Basi. Nilidhani mengine ningeyaandika kesho yake yakishapoa. Hayakupoa mwaka mzima.

Sasa nina miaka kumi na minane, niko kidato cha nne, na nisingeyafukua haya kama si foleni ya juma lililopita. Tulikuwa tumefunga shule, nikaenda kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, hapa hapa Kilwa Masoko, cheti changu cha kuzaliwa nimekitia ndani ya bahasha ili jasho la mkono lisikiharibu. Foleni ilikuwa imekunja kona mpaka kwenye kibanda cha fotokopi. Mimi kwenye foleni huwa sisemi na mtu, natazama visigino vya aliye mbele. Nyuma yangu sauti ya kike ikauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Samahani dada, hapa ndipo pa kujiandikisha kupiga kula?" Nilijua ni nani kabla sijageuka. Restituta, yule msichana wa Rondo, amerefuka, amesuka nywele, na siku hizi R anaitamka bila shida. Dakika chache kabla nilikuwa nimesikia sauti hiyohiyo ikimwambia mtu habari za barabara ya Rondo, herufi zote zimekaa mahali pake, nami sikuitambua. Ile L aliitaka mwenyewe. Akacheka, na watu wawili watatu wakacheka naye bila kujua wanachekea nini, nami masikio yakawaka moto. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akasema, "Bado unaandika?" Nikamwambia naandika kidogo kidogo. "Basi na ile iandike," akasema, na hapo hapo karani akaniita mbele.

Kwa hiyo naiandika. Lakini ili mtu aelewe kwa nini kipande cha chaki kiliweza kunitoa usingizi, lazima kwanza aelewe darasa letu lilivyokuwa likisoma. Dawati moja tulikaa wanne, wengine watano, na kitabu cha Uraia kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Mwalimu Mtulia alikuwa na kifua kibovu. Vumbi la chaki likimwingia alikohoa mpaka macho yakatoka machozi, ndiyo maana alikuwa haandiki ubaoni yeye mwenyewe. Aliketi karibu na dirisha lenye nondo, penye upepo, akamwita mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri, akampa daftari lake la matayarisho, na mwanafunzi huyo ndiye aliyenakili somo zima ubaoni ili wengine walinakili kwenye madaftari. Mwalimu alieleza, mwandishi aliandika. Mwandishi mwenyewe daftari lake lilibaki tupu, kwa hiyo wakati wa mapumziko alibaki darasani kunakili kazi ya mkono wake mwenyewe, au aliazima daftari la mwenzake akaenda nalo nyumbani. Tangu darasa la nne mwandishi wa darasa letu nilikuwa mimi. Jumamosi tulipopaka ubao rangi kwa unga wa betri kuukuu uliotwangwa pamoja na majani ya muhogo, wenzangu walisugua tu, lakini mimi nilisugua kama mtu anayetandika kitanda chake.

Nilikuwa mtoto wa haya. Nikiulizwa swali sauti yangu ilifia njiani, mwalimu akasema "sema tena," nami nikasema tena kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, mpaka darasa likacheka. Ubaoni hapakuwa na sauti. Unasimama mbele ya watu wote, wote wanakutegemea, na umewapa mgongo. Siku niliyokuwa naumwa nilikwenda shule hivyo hivyo, nikatapika uji nyuma ya choo, nikarudi kushika chaki. Sikuwa kinara wa hesabu, sikujua kuimba, mbio walinipita hata walionona. Nilikuwa na mwandiko tu. Mama aliwaambia wageni, "Huyu wangu hasemi, lakini anaandika," na mimi niliyasikia hayo nikiwa jikoni, nikayameza kama asali.

Sasa, Jumatano ile Restituta akaingia na sare mpya iliyopita magoti, soksi zimevutwa juu, amemfuata mwalimu kwa nyuma. Shangazi yake alikuwa nesi, amehamishiwa Masoko, na Restituta amekuja kukaa naye. Mwalimu akasema, "Jitambulishe kwa wenzako." Akasema, "Naitwa Lestituta. Natoka Londo." Darasa zima likaangua kicheko. Kwao nyumbani walisema Kimwera, na kwenye ulimi wake R haikuwa na kiti. Kila alipoitafuta ilikuja L. Hamisi, aliyekuwa mtani wa darasa, akasema kutoka nyuma, "Kalibu sana, Lestituta," na kicheko kikaanza upya. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo, tena nilicheka kwa raha. Kisha mwalimu akamwambia, "Andika jina lako ubaoni waone linavyoandikwa." Akaandika. R ile ya kwanza ilisimama wima, tumbo lake la mviringo, mguu umenyooshwa mbele kama mtu anayepiga hatua. Darasa likanyamaza. Mwalimu Mtulia akainuka pale dirishani, akasogea, akasahau kwamba vumbi linamdhuru. "Huyu anaandika kama mashine ya kuchapa," akasema. "Binti, hebu endelea na tarehe. Na kichwa cha habari." Chaki niliyokuwa nayo mimi ilikuwa tayari mkononi, nimeshaanza kunyanyuka. Nikakaa. Hakuna aliyeniambia kaa, nilikaa mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Haikuwa kwamba nilinyang'anywa siku moja. Juma la kwanza tulipokezana. Juma la pili mwalimu alisema, "Restituta, chaki," bila kutazama upande wangu. Kufika Ramadhani nilikuwa mwanafunzi wa kawaida, nanakili kwake kama wengine walivyonakili kwangu. Nilimtafutia kasoro, nikamkagua kama mtu anayechambua mchele. Alikuwa akitafuna korosho darasani. Alinyoosha kidole hata kwa asiyoyajua. Alipokuwa akiandika alitikisa bega la kushoto. Niliziandika zote kwenye shajara, na leo nikizisoma naona nilichoandika ni habari za mtoto mzuri tu ambaye mtu amemkasirikia. Fatu, jirani yangu wa dawati tangu darasa la kwanza, alianza kusema "Resti amesema hivi, Resti amesema vile," na siku moja alinijia na L zake zimebadilika. Restituta alikuwa na namna yake ya kuandika L kubwa: mstari wa chini ulipofika mwisho aliunyanyua kidogo, kama kamkia. Wasichana wote wakaanza kuweka kamkia. Madaftari ya darasa letu yakajaa mikia.

Mimi pia nilijifunza. Hili nimepata kumwambia mtu mmoja tu. Nyuma ya mlango wa stoo yetu palikuwa na ukuta uliopigwa lipu, na kwa vipande vya chaki nilivyookota niliandika pale herufi zake, moja moja, nikafuta kwa khanga mbovu, nikaandika tena. Mama aliuliza, "Unafanya nini humo ndani?" Nikajibu, "Hesabu." Ningekuambia nilijifunza ili niwe bora kuliko yeye. Sijui. Nafikiri nilitaka mkono wangu ujue mkono wake unavyojisikia ukiwa mbele ya watu.

Jambo moja nilikuja kuligundua kwa sababu nilimtazama kuliko mtu yeyote. Alisema L lakini hakuiandika L mahali pa R, hata mara moja. Nyuma ya daftari lake alikuwa na orodha ndefu ya maneno, mwalimu wake wa kule Rondo ndiye aliyemwandikisha: rafiki, barua, karamu, mahari, kura, sufuria. Alipofika kwenye neno la namna hiyo alisita, midomo ikacheza, ndipo mkono ukashuka. Ulimi ulimshinda, kwa hiyo alikuwa ameutegemea mkono. Mimi nililijua hilo vizuri. Naliweka hapa ili asije mtu akanitetea kwamba nilikuwa mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya muhula wa pili, korosho zimeanza kuanguka, hewa ya mchana inanuka mabibo. Mwalimu Mtulia alikuwa ametuahidi kwamba katika Uraia tutapiga kura ya kweli, kumchagua kiranja wa mazingira. Alileta boksi la sabuni lililotobolewa juu, karatasi zimekatwa kwa rula, na pembeni ya darasa pamezibwa kwa khanga mbili ili mpiga kura asionekane. Mgeni kutoka wilayani angekuja baada ya mapumziko kutazama somo. Kabla ya mapumziko Restituta aliandika maelezo yote ubaoni, na juu kabisa kichwa cha habari kwa herufi kubwa: HAKI YA KUPIGA KURA. Sote tukanakili. Rimu ya gari, ndiyo kengele yetu, ikagongwa saa nne, watu wakakimbilia uji. Restituta alitaka kubaki anakili, Fatu akamvuta mkono. "Utanakili kwa Somoe, twende, uji wenyewe leo una sukari."

Restituta akanigeukia mlangoni. "Somoe, utaniazima daftari lako? Lako ndilo ninalolisoma bila taabu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Wakaondoka wameshikana vidole. Darasa likabaki na mimi na nzi na boksi la sabuni.

Sikuwa nimepanga. Nilinyanyuka ili nitazame maandishi yake kwa karibu, kama nilivyozoea. Nikaiona ile R ya KURA, mstari wake wa kushoto umenyooka. Nikalamba kidole, nikafuta tumbo, nikafuta mguu. Mstari ukabaki peke yake. Nikaokota chaki, nikauvutia mstari wa chini, na mwishoni nikaunyanyua kidogo. Nikaweka hadi kamkia. Kidole kimoja na mstari mmoja, muda wa kupiga chafya. Nikatoka nje, nikanawa kwenye ndoo, nikapanga foleni ya uji, na uji ulikuwa na sukari kweli.

Hamisi ndiye aliyeona kwanza. Alisimama juu ya dawati lake la nyuma akasoma kwa sauti ya mhubiri: "Haki ya kupiga kula." Kisha akauliza, "Sasa sahani ziko wapi?" Darasa likapasuka. Mwingine akasema na khanga zile ni za nini, tunakula tumejificha? Mwingine akauliza mboga gani. Katikati ya kelele hizo akaingia Mwalimu Mtulia na mgeni, mama mmoja mwenye miwani na mkoba, tukanyanyuka tukaimba shikamoo huku mashavu yamejaa kicheko. Mgeni akaitikia marahaba, akatazama ubao, akatabasamu kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "naona leo nimekuja siku nzuri, kuna kula." Hakusema kwa ubaya. Lakini shingo ya mwalimu ilibadilika rangi, na alipotaja jina la Restituta sauti ilikuwa ndogo na kavu.

"Restituta. Simama. Soma ulichoandika pale juu."

Akasimama. Nilimwona akitazama ubao, midomo ikicheza kama ilivyozoea, macho yamesimama palepale kwenye kamkia. Nafikiri hapo ningeweza kusema. Mwalimu akarudia, "Soma." Akasoma: "Haki ya kupiga kula." Hata kama ingekuwa R angesema vilevile, ulimi wake haukuwa na njia nyingine, na kwa hiyo neno alilotaka kujitetea nalo ndilo hilohilo lililomhukumu. Walicheka mpaka mgeni mwenyewe akainua mkono kuwanyamazisha. Na madaftari yetu yote yalikuwa na R. Tulinakili kabla ya uji, kila mtu kwa mkono wake. Hakuna aliyefungua hata moja.

Restituta akaenda mbele, akaweka chaki juu ya meza ya mwalimu, taratibu, kama mtu anayerudisha yai. "Samahani mwalimu," akasema. "Ulimi wangu umeingia mkononi."

"Kaa," mwalimu akasema. Akatafuta kwa macho. "Somoe. Njoo urekebishe, uendelee."

Nikarekebisha. Niliandika R mahali pa L, nikaandika majina ya wagombea, na kura zilipohesabiwa nikachora vijiti vyake, vitano vitano. Yote niliyoyaombea tangu Jumatano ile nilikuwa nayo mkononi. Kila nilipogeuka kuchukua karatasi nilimwona Restituta amekalia viganja vyake, ameviweka chini ya mapaja, kama watoto wadogo wanavyofanya wakikatazwa kugusa kitu. Nilitaka aninunie. Angeninunia ningekuwa na mtu wa kumchukia. Rimu ya kuondokea ilipogongwa alinifuata, akanyoosha mkono. "Daftari."

"Sijamaliza kunakili," nikasema. "Kesho."

"Haya," akasema. "Nashukulu."

Nyumbani nilijifungia chumbani nikafungua ukurasa. HAKI YA KUPIGA KURA, kwa mwandiko wangu, nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo nilipoelewa nimejifunga wapi. Nikimpa daftari hivi lilivyo, ataona tulinakili R, kwa hiyo yeye aliandika R, kwa hiyo kuna mtu aliyeingiza L wakati wa uji, na aliyebaki darasani anamjua. Nisipompa, atauliza kwa nini. Palikuwa na njia ya tatu, na wembe ulikuwa pale pale kwenye kopo la penseli. Sisi wino tulikuwa tunaukwangua kwa ncha ya wembe, taratibu, karatasi inatoa unyoya, kisha unasugua kwa kucha ilainike. Nikakwangua tumbo la R. Nikakwangua mguu. Nilikuwa sijavuta mstari wa chini mama aliponiita nikakune nazi.

Palikuwa na kisamvu jikoni, kimeshatwangwa, kinangoja tui. Nilikaa juu ya mbuzi nyuma ya ukuta wa makuti, na kutoka pale uani husikika kila neno. Nikasikia hodi, nikasikia mama anakaribisha, na nesi, shangazi yake Restituta, anavuta kigoda. Alikuwa amekuja kuomba majani ya mpera kwa ajili ya tumbo la mgonjwa wake, lakini hakuyataja mpaka mwisho.

"Mama Somoe, watoto wa shule hii wana nini?"

"Wamefanyaje tena?"

"Huyu wangu amerudi hali, hasemi. Ameandika kitu, wamemcheka. Sasa anataka nimrudishe kwao Rondo. Anasema kule wote wanasema kama yeye."

Nitasema ukweli: moyo wangu ulinyanyuka. Niliacha kukuna. Nilimwona amepanda basi na sanduku lake, niliona ubao mtupu. Ulikuwa ni muda mfupi, lakini ulikuwa mtamu, na sijapata kuusahau utamu wake.

"Watoto hao," mama akasema. "Kesho watakuwa wameshasahau."

"Wao watasahau. Yeye je? Amekaa pale barazani na daftari, kila neno analoandika ananiita. Shangazi, hebu nitazame mkono. Shangazi, hii ni sawa? Mimi nina sindano za watu, nina jiko, naitwa kutazama mkono. Sasa hivi nimemwacha ananiuliza jina lake mwenyewe linaanza na herufi gani."

"Jina lake?"

"Jina lake, dada. Analiandika tangu ana miaka mitano. Ananiambia, shangazi, mimi naona ni hii, lakini siuamini tena huu mkono."

Mama akasema astaghafirullah, taratibu. Halafu wakaongea habari za majani ya mpera. Mimi nilikuwa nimekuna nazi mpaka kwenye kifuu, nazi yote imechanganyika na vumbi jeusi, na mama alipokuja kuitazama akasema, "Leo una nini wewe?" Kisamvu kilikuwa na uchungu kidogo. Walikila wote, hakuna aliyelalamika, na mimi nilimaliza sahani yangu nikijua ladha ile imetoka kwangu.

Baada ya magharibi nilirudi kwenye ule ukurasa. Pale palipokwanguliwa karatasi ilikuwa nyembamba, unaona taa upande wa pili. Nikachukua kalamu nikairudisha R. Wino ukatambaa kwenye manyoya ya karatasi, herufi ikavimba, ikawa mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Ningeweza kuchana ukurasa nikanakili upya, mwandiko safi, R safi, na angejua kwamba hakukosea bila kujua mengine. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu. Niliuacha kama ulivyo. Sikuwa na uhodari wa kumwambia, na nilijua sitakuwa nao asubuhi, lakini karatasi ilikuwa tayari imeshasema.

Asubuhi yake nilikwenda mapema. Ilikuwa zamu yake ya kufagia, alikuwa peke yake darasani, vumbi limesimama kwenye mwanga wa dirisha. Nikamkabidhi daftari limefunguliwa ukurasa ule. Akaegemeza ufagio. Akasoma kichwa cha habari, midomo ikicheza. Akapitisha kidole gumba juu ya pale palipokwanguliwa, akakirudisha, akageuza karatasi akatazama nyuma yake. Akachukua daftari la Fatu lililobaki kwenye dawati tangu jana, akalifungua. Akachukua la Hamisi. Yote mawili yalikuwa na R. Akayarudisha mahali pake, akayanyoosha.

"Kamkia uliweka wewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ulijifunza lini?"

"Tangu Ramadhani."

Kisha akautazama mkono wake wa kulia, kiganja na nyuma, kama kitu kilichopotea kikaletwa na mgeni. "Mimi nilidhani ni huu," akasema. Hakunitukana. Akachukua ufagio akamalizia kufagia, na alipofika miguuni pangu akangoja nisogee, nikasogea.

Wenzetu wakaingia, rimu ikagongwa, na dakika tano baada ya kipindi kuanza Mwalimu Mtulia akaingia, akaketi dirishani, akakohoa. "Somoe," akasema, "chaki."

Nikasimama. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema. Moja lilikuwa la ile R, na hilo sikulisema mbele ya mwalimu, si siku ile wala nyingine, mpaka leo hii ninapoliandika. Labda niliogopa fimbo. Lakini lile la pili ndilo lililokuwa kubwa kwangu, na nilikuwa sijalisema hata kwenye shajara.

"Mwalimu, aandike Restituta."

"Unasemaje? Toa sauti."

"Aandike Restituta."

"Kwa nini? Mkono unakuuma?"

"Hauniumi. Yeye anaandika vizuri kuliko mimi."

Nilisikia sauti yangu imefika mpaka ukuta wa nyuma ikarudi. Hamisi hakucheka. Mwalimu akanitazama, akamtazama Restituta, akasema haya, yeyote, muda unakwenda. Restituta akapita mbele ya dawati letu, hakunitazama, akachukua chaki mezani. Akaandika tarehe. Alipofika kwenye kichwa cha habari akasita, na niliona bega la kushoto linatikisika. Mimi nikafungua ukurasa mpya, nikanakili kila alichoandika, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ubao, na ulikuwa mwandiko mzuri, na nilimwonea wivu.